Maadamu Giaboksi Imeshashushwa

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 62, na ninaishi na mke wangu Ilazo, jijini Dodoma. Miaka minne iliyopita nilinunua kombi ya Volkswagen ya mwaka 1987 kutoka kwa wageni wawili waliokuwa wamemaliza mkataba wao wa kazi hapa nchini. Ni ile ambayo injini yake ya petroli, ya lita 2.1, imekaa nyuma na inapozwa kwa maji. Ndani ina kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, kabati na tangi dogo la maji, na paa lake linainuliwa mkilala. Wenzangu waliostaafu mwaka ule walinunua bodaboda au wakafuga kuku, na mpaka leo wananiuliza nilipatwa na nini.

Ukweli ni kwamba tulipooana mwaka 1989 hatukuwa na fungate. Tulifunga ndoa Jumamosi, Jumatatu nikaingia darasani. Kwa hiyo mke wangu anaziita safari za kombi hii fungate iliyochelewa. Tumekwenda Kolo kutazama michoro ya miambani, tumelala Mtera kando ya bwawa mara tano au sita kwa ajili ya samaki, na kila mwaka tunapanda Iringa kwa dada yake.

Tangu Februari gia ya tatu ilianza kuchomoka ninapoachia mafuta, hasa kwenye mteremko. Gia ya kwanza nayo haiingii bila kukwaruza, klachi inateleza nikipanda mlima, na kila asubuhi ninakuta matone ya oili chini, pale injini inapoungana na giaboksi. Mara ya mwisho, tukirudi kutoka Iringa, tulipokuwa tunashuka Mlima Nyang'oro ile ya tatu ilichomoka mara mbili, nikalazimika kuushikilia mkono wa gia kwa mkono wa kushoto mpaka tukafika chini. Mke wangu hakusema neno hadi tulipofika Mtera.

Nimelipeleka gari kwenye gereji moja upande wa Kizota. Fundi ni kijana niliyemfundisha shule ya msingi, na ananiheshimu kama baba yake. Aliposhusha giaboksi aliniambia kwamba klachi pleti imekwisha na sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili isitoke, inavuja, kisha akasema, "Mwalimu, maadamu giaboksi imeshashushwa, ni bora tumalize kazi yote." Akanipa bei tatu. Kubadilisha klachi na sili tu ni shilingi 950,000. Kuifungua giaboksi hii ya gia nne na kuifanyia ovaholi, yaani kubadilisha vilivyolika ndani, ni shilingi 2,900,000. Kuleta giaboksi ya mtumba ya gia tano kutoka Afrika Kusini, ambako kombi za aina hii ziliendelea kuundwa hadi mwaka 2002, pamoja na kuifunga, ni shilingi 6,400,000.

Mwanangu wa Dar es Salaam anataka tufunge ya gia tano na yuko tayari kuchangia milioni moja na nusu. Anasema injini itapumua, mafuta yatapungua, na tutaweza kwenda kwake bila kuchoka. Shemeji yangu, kwa upande wake, anasema niuze vyuma hivyo nipande SGR kama watu wengine.

Kiinua mgongo changu kimebaki milioni nane, nazo tulikubaliana ni za kumalizia vyumba viwili tulivyojenga Ng'ong'ona kwa ajili ya kupangisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Bado plasta, milango na umeme. Mke wangu anajua kwamba gari lina tatizo la klachi. Hizo bei nyingine mbili sijamwambia. Jambo la mwisho linanipa aibu kuliandika: yule fundi amenieleza kwa uaminifu kwamba giaboksi ya gari hili hajawahi kuifungua, ila ataifungua taratibu. Siwezi kumnyang'anya kazi mwanafunzi wangu, na siwezi pia kulala nikifikiria.

Gari liko juu ya magogo wiki ya tatu sasa, na fundi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Ilazo

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya giaboksi, na mara ya pili kwa ajili ya ile safari ya kimya kutoka Nyang'oro hadi Mtera. Unauliza uchague bei ipi kati ya tatu, lakini ninavyokuelewa unaulizia pia namna ya kumkatalia au kumkubalia kijana uliyemlea kitaaluma, na namna ya kuligusa fungu la fedha ambalo wewe na mama mlikwisha kulipangia kazi. Nitaanza na chuma, kwa sababu hapo ndipo neno moja lilipokutangulia na kuanza kukuamulia, nalo ni hilo "maadamu".

Wazo la fundi lina ukweli wake. Kushusha giaboksi na kuipandisha tena ni kazi ya siku nzima au zaidi, na hakuna anayependa kuilipia mara mbili. Muulize, basi, kati ya zile 950,000, ni kiasi gani hasa ni ujira wa kushusha na kupandisha. Tuseme ni 250,000. Hiyo ndiyo thamani yote ya "maadamu" katika shauri lako: ukiamua leo kufunga klachi na sili tu, halafu mwakani ukataka kuifanyia giaboksi kazi kubwa, hasara yako ni hizo 250,000 na siku chache za gereji, wala si mamilioni. Lakini kuna vitu ambavyo neno hilo linavistahili kabisa, kwa kuwa ni vya bei ndogo na havifikiki giaboksi ikiwa mahali pake: ile sili ya nyuma ya injini, beringi ya kuachia klachi, na uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini linaloshikwa na klachi, kama umepata mikwaruzo au umeungua. Iongeze pia mipira inayofunika viungo vya ekseli: hiyo hufikika hata giaboksi ikiwa mahali pake, lakini ekseli zimeshafunguliwa, na kwa vumbi letu la Dodoma ikishapasuka huruhusu mchanga uingie ndani na kusaga viungo vyenyewe.

Jambo la pili ninaloomba tulitazame upya ni kama ugonjwa wote uko ndani ya giaboksi. Kombi yako injini iko nyuma, giaboksi iko nyuma, na mkono wa gia uko mbele karibu na goti lako. Kati yao inapita fimbo ndefu chini ya sakafu, inayoshikwa na bushi ndogo ambazo baada ya miaka 30 na zaidi huwa zimekwisha au zimeanguka kabisa. Bushi zikiisha, mkono wa gia unacheza kama kijiko ndani ya kikombe, na gia huingia nusu tu; gia iliyoingia nusu huchomoka. Kadhalika, gia ya kwanza kukwaruza inaweza kuwa kosa la klachi isiyoachia sawasawa. Klachi ya gari lako inasukumwa kwa mafuta ya breki, kwa hiyo silinda ya juu kwenye pedali au ile ya chini kwenye giaboksi ikivuja, klachi haifunguki yote na meno ya gia hupiga kelele ambazo mwenye gari huzihesabu kuwa kifo cha giaboksi. Kaka yangu aliwahi kulipia ovaholi ya basi dogo lake, na baadaye akagundua kwamba kilichokuwa kimekufa ni silinda ya klachi. Hadi leo hapendi tulitaje jambo hilo mezani.

Sisemi kwamba giaboksi yako ni nzima. Gia ya tatu inayochomoka mtu anapoachia mafuta, pale magurudumu yanapoanza kuisukuma injini, mara nyingi inaonyesha kulika kwa kile kishikizo kinachoifunga gia na shafti yake, na kombi za aina yako zinajulikana kwa kuchoka mahali hapo, kati ya gia ya tatu na ya nne. Ninachosema ni kwamba fundi amekupa bei tatu kabla hajakuonyesha kilichomo ndani. Oili ya giaboksi imwagwe kwenye beseni safi, itazamwe juani. Ute wa kijivu ulio laini kama unga ni uchakavu wa kawaida wa umri. Chengachenga zinazoshikika kwa vidole, au vipande vya rangi ya shaba vilivyomeguka kwenye pete zinazolainisha uingiaji wa gia, ni habari nyingine. Hapo bei ya kwanza inajiondoa yenyewe mezani.

Tuje kwenye gia tano. Mwanao hajakosea kabisa, na ningependa umpe haki yake. Watu wengi wanaoendesha kombi nzito yenye gia nne wanalijua pengo lililopo kati ya gia ya tatu na ya nne: mlimani ya tatu inalia, ukiweka ya nne injini inakosa nguvu. Giaboksi ya gia tano, ikiwa ni ile inayofaa, huziweka gia karibukaribu zaidi na kulipunguza pengo hilo, na katika kupanda kutoka Mtera, ambako ni takribani mita 700 juu ya usawa wa bahari, hadi Iringa, ambako ni zaidi ya mita 1,500, mtu anaweza kulihisi hilo kwenye mguu wake. Lakini idadi ya gia peke yake haikwambii kitu. Kinachoamua injini itazunguka mara ngapi ni uwiano wa gia ya juu ukizidishwa na uwiano wa difu, yale meno ya mwisho yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, na zipo giaboksi za gia tano ambazo ya tano yake haijaipita sana ile ya nne uliyonayo, kwa sababu difu yake ni fupi, yaani inaizungusha injini mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Giaboksi hizi zina herufi za utambulisho zilizogongwa kwenye kasha. Kabla ya mtu yeyote kutuma hata shilingi Afrika Kusini, atume kwanza picha ya herufi hizo, na fundi azilinganishe na jedwali la uwiano.

Kuna pia suala la kukaa mahali pake. Ya gia tano haishiki palepale ilipokuwa ya gia nne bila marekebisho; vishikio vya mbele na fimbo ya gia hutofautiana, kwa hiyo lazima ije na viungo vyake, la sivyo utalipa kuviunda. Na mtumba ni mtumba. Giaboksi uliyonayo unaijua tabia yake kwa miaka minne. Ile inayokuja hakuna anayeijua, na fundi makini atataka kuifungua kabla ya kuifunga, jambo ambalo litaongeza gharama juu ya zile milioni sita na ushei.

Kuhusu mafuta, nimefanya hesabu ya darasani, unisahihishe. Tuchukulie kwamba kombi inakunywa lita 13 kwa kilomita 100, na ninyi mnakwenda kilomita 4,000 kwa mwaka, yaani lita 520. Hata tukiwa wakarimu tukasema gia ndefu, ile inayoizungusha injini mara chache zaidi, itaokoa asilimia 8, ni takribani lita 42. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni karibu 125,000 kwa mwaka. Tofauti kati ya ovaholi na gia tano ni 3,500,000. Mafuta yatazirudisha fedha hizo baada ya miaka 28, wakati utakapokuwa na miaka 90. Ninakuombea uifikie ukiwa kwenye usukani, lakini hiyo si hoja ya kumshawishi mtunza fedha wa nyumba.

Na utulivu wa injini? Hapo ninakuuliza wewe unayezijua barabara zako. Kutoka Dodoma kwenda Morogoro utapita Chamwino, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo na Dumila, na kila penye makazi kuna kibao cha 50 na mara nyingi askari mwenye tochi. Gia ndefu inapata faida pale ambapo gari linakwenda mwendo wa 90 au 100 kwa muda mrefu bila kukatizwa. Je, safari zenu ni za namna hiyo, au ni za kusimama kununua zabibu na kuuliza bei ya mahindi? Isitoshe, injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachoisukumia hewa, hupoteza kiasi cha asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo hapo Dodoma tu, kwenye mita 1,100 hivi, yako tayari imepungukiwa na sehemu ya kumi. Injini kama hiyo, ikibeba kitanda, maji na gesi, ikipewa gia ndefu kupita kiasi itafanya kazi kwa kujikaza, na injini inayojikaza kwa mwendo mdogo hupata joto. Injini hizi za maji zina sifa ya kuvuja kwenye vichwa vya silinda pale maji ya kupozea yasipobadilishwa kwa wakati. Lini umeyabadilisha ya kwako? Kama hukumbuki, huenda kiungo dhaifu cha gari lako hakiko kwenye giaboksi.

Lipo pia jambo la katikati ambalo fundi hakukutajia. Ikiwa giaboksi itafunguliwa kwa ovaholi, inawezekana kubadilisha jozi ya gia ya nne peke yake na kuweka iliyo ndefu kidogo, huku nyingine zikibaki kama zilivyo. Tuseme ya sasa ina uwiano wa 0.85 na unaweka ya 0.77: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini itashuka kutoka mizunguko kama 2,500 kwa dakika hadi karibu 2,300. Hapo "maadamu" linasema kweli, kwa kuwa jozi hiyo haibadilishwi bila kufungua. Ubaya wake ni kwamba linalipanua lile pengo kati ya tatu na nne, na vifaa hivyo vinaagizwa kwa mafundi maalumu wa nje, kwa hiyo magogo yatakaa chini ya gari kwa muda.

Ukichagua kufunga klachi, sili na bushi tu, bado mtakuwa na fedha za plasta na milango, na huenda gari likapona kwa kiasi kinachokutosha. Huenda pia lisipone. Hapa tu ndipo nisipoweza kukubembeleza, Mwalimu: kwa njia yoyote utakayoifuata, gari lisishuke Nyang'oro na gia ya tatu inayochomoka. Kwenye mteremko mrefu ile ya tatu ndiyo inayolishikilia gari, na ikiachia, uzito wote unahamia kwenye breki, ambazo zikipata moto zinapoteza nguvu. Jaribu kwanza kwenye kilima kidogo, ukiwa peke yako.

Sasa kijana wako. Umeandika kwamba huwezi kumnyang'anya kazi, lakini nimerudia maneno yake na sioni mtu aliyeomba kung'ang'ania. Alikuambia hajawahi kuifungua. Fundi anayekiri hilo mbele ya mwalimu wake amefanya jambo gumu, na huenda alikuwa anakufungulia mlango ambao yeye kwa heshima hakuweza kuupita wa kwanza. Katika gari lako giaboksi na difu ziko kwenye kasha moja, na nafasi za gia zake hupangwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi, zinazopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Kufungua taratibu kunasaidia, ila hakuchukui nafasi ya vipimo. Je, akibaki kuwa fundi wako mkuu, akashusha na kupandisha, akafanya klachi, sili na bushi, na giaboksi yenyewe ikafungwa vizuri na kupelekwa kwa fundi wa giaboksi Dar es Salaam au Arusha, ataona umemdharau? Unaweza hata kumwomba aisindikize akajifunze, nauli juu yako. Inawezekana akakataa, au akaumia kidogo. Wewe unamjua kuliko mimi. Lakini kama aliweza kukueleza ukweli, pengine naye anaweza kuelezwa.

Limebaki la nyumbani. Hukumdanganya mama, na sitaki kukukaripia kwa kosa ambalo hukulifanya. Ulimwambia sehemu. Ninachojiuliza ni kwa nini unadhani ataumizwa na bei kuliko alivyoumizwa na mteremko ule. Kimya chake kinaweza kuwa hofu, na mwenye hofu anaweza kusema tuuze. Kinaweza pia kuwa alikuwa anaagana na fungate yake akidhani ndiyo mwisho. Huenda akasema vyumba vya Ng'ong'ona visubiri muhula mmoja, huenda akasema chumba kimoja kikamilike kwanza na kodi yake ilipie ovaholi mwakani, huenda akakukatalia kabisa, na hapo utakuwa na mjadala mgumu ambao mimi na mwanao hatuwezi kuufanya kwa niaba yako. Na ile milioni moja na nusu ya kijana, mwulize kama inatolewa kwa ajili ya gia tano tu au kwa ajili yenu. Zawadi yenye sharti si mbaya, ila ijulikane.

Usimweleze mama haya sebuleni. Nenda naye Kizota siku ambayo giaboksi iko juu ya meza na oili iko kwenye beseni, umwache fundi amwonyeshe bushi, klachi pleti iliyokwisha na herufi zilizogongwa kwenye kasha, kisha amtajie bei zote tatu kwa mdomo wake, nawe ukiwa umesimama hapohapo. Halafu, mkiwa njiani kurudi Ilazo, mwulize alikuwa anawaza nini siku ile kabla hamjafika Mtera.